Waya wa laki tatu na themanini

Nilinunua waya wa spika kwa shilingi 380,000. Duka na muuzaji nawaacha, maana mwenye kutoa hela nilikuwa mimi na hakunishika mkono. Ulikuwa jozi ya mita tatu tatu, mnene kama kidole gumba, umevishwa kitambaa cha kusuka cha zambarau, plagi zake zimepakwa dhahabu. Pembeni kulichorwa mshale mdogo wa kuonyesha muziki uelekee upande gani. Mshale ule ungetosha kunishtua, kwa sababu umeme wa muziki kwenye waya wa spika hauendi upande mmoja. Unakwenda na kurudi, mara mamia na maelfu kwa sekunde. Lakini nilikuwa nimeshapenda.

Usiku ule ule niliutoa ule wa zamani, wa shilingi 2,500 kwa mita, nikafunga mpya. Nikaweka taarabu ya zamani, nikazima taa. Wallahi nilisikia. Kanuni, ile ala ya nyuzi za kudokoa, ilisogea mbele, fidla zikaachana, kila moja ikakaa kwenye kiti chake, na besi ikapata nyama. Saa nne usiku nikampigia shemeji yangu, fundi umeme wa majumbani, nimsimulie.

Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Shemeji, umeusikia waya au umeisikia hela yako?"

Niliudhika, sifichi. Lakini swali lilikataa kuondoka, na baada ya wiki mbili nikaamua kulimaliza kwa kujipima mwenyewe nyumbani.

Jaribio la kwanza lilikuwa rahisi. Nilitundika shuka kati ya kiti changu na spika. Mpwa wangu, binti wa miaka 17 aliyekuwa likizo kwetu, akakaa nyuma ya shuka na sarafu ya mia mbili. Akitokea Karume, anafunga waya wa zamani. Wakitokea simba, anafunga wa zambarau. Kisha anaita, "Tayari, mjomba," muziki unalia, nami nasema ni upi.

Katika mara kumi nilipata tisa. Kwa kubahatisha tu, kupata tisa au zaidi katika kumi ni jambo la kama mara moja kwa mia. Nilisimama nikacheza palepale sebuleni. Nikamtumia shemeji ujumbe wa majigambo ambao leo sipendi kuusoma.

Jumamosi akaja, akaomba aone. Tukarudia. Yeye hakusikiliza muziki hata kidogo, aliinamisha kichwa akitazama chini ya shuka. Baada ya zamu ya nne akacheka. "Ndara za mtoto zinakusemea."

Alikuwa amepatia kabisa. Zamu ya kwanza nilikuwa najua waya upi umefungwa. Sarafu ikitaka ubadilishwe, ndara zinapiga pa, pa kuelekea spika ya pili, na plagi inalia kwa mbali. Sarafu ikisema ubaki uleule, kimya. Nilikuwa nasikia miguu, na jibu likaniingia kichwani likiwa limevaa nguo za kanuni na fidla. Nami sikuwa na habari kwamba nilikuwa nadanganya!

Si mimi wa kwanza. Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na farasi aliyeitwa Hans, akisifika kwa kujua hesabu. Ukimuuliza, anagonga kwato mpaka kwenye jibu, anaacha. Mwaka 1907 mtafiti Oskar Pfungst alionyesha kwamba Hans alikuwa akisoma mwili wa muulizaji: anapolikaribia jibu muulizaji hukaza, likifika hulegea kidogo bila kujijua. Muulizaji asipojua jibu, Hans naye hajui. Ndiyo maana watafiti hawatosheki na msikilizaji kufumbwa macho. Hata aliye karibu naye hatakiwi kujua.

Basi tukaanza upya. Mpwa akavua ndara. Kila zamu, iwe waya unabadilika au haubadiliki, alichomoa plagi zote na kuzichomeka tena. Akimaliza anagonga ukuta mara moja na kutokea mlango wa nyuma. Shemeji, ambaye hakuiona sarafu, ndiye aliyeandika majibu yangu.

Kisha likaja suala la ukubwa wa sauti, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi ya penginepo pote. Shemeji alicheza mlio wa Hz 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, kutoka kwenye kompyuta, akaweka multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, kwenye makalio ya spika, upande wa umeme wa AC. Alichagua mlio mzito kwa sababu multimita za bei yetu hupotea zikipimishwa milio ya juu. Waya wa zambarau ulisoma volti 2.00. Ule mwembamba ulisoma 1.97.

Kwa hiyo tofauti ipo! Nilishangilia kabla ya wakati. Waya mwembamba una ukinzani mkubwa zaidi, unakula kidogo njiani, na hicho kidogo ni kama moja ya kumi ya desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti. Mtu hawezi kuitambua kwenye muziki kuwa ni "sauti imepanda". Lakini wanaofanya vipimo hivi kwa dhati husawazisha mpaka kiwango hichohicho, maana sauti ikizidi kidogo bila wewe kujua, sikio haliripoti kwamba imepanda. Linaripoti kwamba ni nzuri zaidi.

Besi nayo ina siri yake. Tangu mwaka 1933, Fletcher na Munson wa Marekani walipochora mikondo yao ya usikivu, inajulikana kwamba sikio ni zito kwa milio ya chini muziki ukiwa mdogo. Ongeza sauti kidogo, na besi inapanda masikioni kuliko vingine. Nikakumbuka usiku wangu wa kwanza na waya mpya. Niliivuta amplifaya kutoka kwenye kabati, nikaigeuza nifike nyuma, nikairudisha. Kitufe cha sauti kilirudi palepale? Siwezi kuapa. Ile nyama ya besi niliyomsimulia shemeji saa nne usiku huenda ilitoka kwenye kidole changu.

Tulisawazisha, tukaanza. Zamu 16. Tulikubaliana mapema kwamba nikipata 12 au zaidi nimeshinda, kwa kuwa anayebahatisha hufika hapo chini ya mara 4 kwa mia. Ni muhimu kukubaliana kabla, la sivyo ukipata tisa utasema tisa zatosha.

Zamu ya tano naikumbuka vizuri. Kanuni iliingia inang'aa, kila uzi peke yake, mpaka nikafumba macho. Nikasema kwa sauti, "Huo zambarau, huo, andika." Shemeji akaandika. Baadaye tulipolinganisha karatasi yake na ya mpwa, aliyeandika waya wa kila zamu, ulikuwa ule wa shilingi 2,500.

Nilipata saba kati ya 16.

Jamaa yangu mmoja, mkusanyaji wa santuri, alipopata habari alisema jaribio letu ni bovu: kubadili waya kunachukua karibu dakika nzima, na kumbukumbu ya sauti haidumu. Hoja ya pili ni ya kweli. Ila haimsaidii, kwa sababu mimi na yeye tulikuwa tukilinganisha waya wa leo na kumbukumbu ya jana, na hatukuona tatizo. Hata hivyo nilimsikiliza, nikahamia kwenye mafaili, ambako kubadili ni kubofya tu.

Kuna programu ya bure iitwayo foobar2000, na ina kijalizo, yaani programu ndogo ya kuongezea, cha kufanya jaribio linalojulikana kama ABX. Unapewa A, unapewa B, zote unazijua. Kisha unapewa X, ambayo kompyuta imeichagua kwa siri kuwa mojawapo. Unaruka kati yao kadiri upendavyo, unasema X ni ipi. Hakuna ndara. Niliweka faili la kiwango cha juu, biti 24 na sampuli 96,000 kwa sekunde (sampuli ni kipimo kimoja cha wimbi la sauti, biti ni usahihi wa kipimo hicho), nikalishindanisha na lilelile nililolishusha mpaka kiwango cha CD, biti 16 na sampuli 44,100. Nilipata 9 kati ya 16.

Kiwango cha CD hakikuchaguliwa kwa kubahatisha. Sampuli 44,100 zinatosha kubeba milio mpaka karibu Hz 22,000, na sikio changa lenye afya huishia kama 20,000. Langu halifiki hata huko. Nilicheza mlio mmoja nikiupandisha polepole. Kwenye 13,000 nikaona kimya, nikadhani kompyuta imekwama. Mpwa akaziba masikio: "Mjomba, husikii hiyo? Inakera!" Yeye alikwenda nayo mpaka 17,000. Nina miaka 47 na nilikuwa nalipia mafaili yanayofika Hz 48,000. Nimenunua ghorofa, ngazi sina.

Wenye vifaa bora kuliko vyangu walifika karibu hapohapo. Mwaka 2007 Meyer na Moran wa Marekani walichapisha jaribio walilolifanya kwa muda mrefu na wasikilizaji wengi. Walipitisha sauti ya diski za kiwango cha juu kwenye kifaa cha kuibana iwe ya kiwango cha CD, kisha wakauliza nani anatambua. Katika zamu 554, majibu sahihi yalikuwa 276, yaani asilimia 49.8. Ni Karume na simba. Walilaumiwa kwamba baadhi ya diski zenyewe zilitokana na rekodi za kiwango cha chini, na lawama hiyo ina uzito. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alikusanya majaribio 18 ya namna hiyo, zamu zaidi ya 12,500, akapata asilimia 52.3, na waliofunzwa kusikiliza walifanya vizuri zaidi ya hapo. Kwa hiyo siwezi kusema hakuna kitu. Nasema kilichopo ni chembamba mno, na hakifanani na zile hadithi za "pazia limeondolewa" ambazo nami nilizisimulia.

Jamaa wa santuri ana neno lake: vipimo havisikii muziki, masikio yanasikia. Nikamkumbusha ya Mobile Fidelity. Kampuni hiyo ya Marekani inatoa santuri zinazosifiwa na watu wale wale wanaosema dijitali inaua sauti. Mwaka 2022 ikafahamika kwamba nyingi kati ya hizo, kwa zaidi ya miaka kumi, zilipitia hatua ya dijitali kabla ya kukatwa. Mashabiki walikasirika mpaka kesi ikafunguliwa. Lakini siri hiyo ilitoka kwa maneno. Miaka yote ile dijitali ilikuwa mle ndani, na santuri zikaendelea kusifiwa. Jamaa alinyamaza, akabadili mada ikawa mpira.

Msidhani jaribio la namna hii limetegwa ili kila mtu ashindwe. Nilishindanisha faili la CD na MP3, yaani faili lililobanwa liwe dogo, ya kbps 128 (namba ikiwa ndogo, limebanwa zaidi), nikapata 14 kati ya 16, na nikajua nasikiliza nini: mdokoo wa kanuni. Uzi ukidokolewa, sauti huanza ghafla kama kofi. Kwenye MP3 iliyobanwa sana mwanzo huo hupata ukungu, kama mtu aliyepumua kabla ya kusema. Nilipotengeneza MP3 nyingine kutoka faili lile la CD, ya kbps 320, ushindi ukayeyuka. Nilipata 10, kichwa kikaniuma, nikaacha.

Kubwa kuliko yote lilikuwa jambo la bure. Spika moja ilikuwa imebanwa kwenye kona, nyingine ubavuni mwa kabati. Niliivuta ya kona sentimita 60 mbele, nikatandika zulia juu ya sakafu ya vigae. Hata shemeji, ambaye kwake muziki ni kelele za harusi, aligeuza kichwa. Kona huvimbisha besi, na vigae vitupu hurudisha kila mlio kama ukumbi wa shule. Watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive waliwahi kuonyesha jambo la karibu na hili mwaka 1994. Wasikilizaji walipoziona spika, waliipa alama sura na bei, na kuihamisha spika chumbani hakukubadili sana maoni yao. Walipofichwa, mahali pa spika na aina ya wimbo vikaanza kuonekana kwenye majibu. Spika zinatofautiana kweli, na chumba ni nusu ya spika. Laki tatu na themanini zangu zingekaa vizuri zaidi huko.

Waya wa zambarau sijauuza. Kijana mmoja aliutaka, nikamwambia wazi kwamba unalia sawa na ule wa bei rahisi. Akatabasamu akidhani nampandishia bei kwa mafumbo, nikaona haya, nikaghairi.

Wiki iliyopita nikaurudisha kwenye spika, kwa sababu tu plagi zake hazilegei. Nikakaa. Wimbo ulipoanza, kanuni ikasogea mbele, fidla zikaachana, kila moja kwenye kiti chake. Nilikaa nayo kama dakika mbili, nikifurahi na kujicheka. Kisha nikamwita mpwa alete shuka, na avue ndara.