Kwarara, mpabaana

Binti yangu alirudi juzi na kazi ya nyumbani ya Kiswahili: andika majina ya ndege watano unaowaona kwenu. Alikuwa ameshaandika kunguru, njiwa, tai na bata, akakwama kwa wa tano, ambaye tulikuwa tunamwona kabisa dirishani akichomeka mdomo kwenye nyasi zilizolowa.

"Baba, mpabaana anaitwaje kwa Kiswahili?"

"Kwarara."

Akalitamka mara mbili, likamkaa mdomoni, akaandika. Mimi nilibaki pale mezani nimeshika ufutio wake. Swali lile nimewahi kuulizwa likiwa limegeuzwa, na aliyeniuliza alikuwa Mama.

Ilikuwa 1991, bado tuko kambi ya askari Entebbe, ile nyumba ya mwisho kabla ya mfereji. Kiswahili siku hizo mnajua kilivyokuwa. Leo serikali imekipitisha kuwa lugha rasmi na somo la lazima, lakini wakati ule ukikisema nje ya geti watu walikutazama kama umewajia na bunduki. Ndani ya kambi ndiyo iliyokuwa lugha yetu: Waacholi, Walugbara, Wateso, na Mama peke yake aliyezaliwa nacho, kwao Mombasa. Luganda chake kiliishia kwenye salamu na bei ya matooke. Jirani yetu Jjajja, mama mzazi wa koplo wa nyumba ya pili, naye Kiswahili hakukijua hata cha kuombea maji. Mimi, nikiwa na miaka tisa, ndiye niliyekuwa ulimi wao. Walikopeshana chumvi, wakalalamikiana kuhusu kuku, wakapeana pole, vyote vikipita kinywani mwangu.

Mwaka huo Mama alijifungua Jumatatu, na mtoto akafariki Jumamosi. Siku ya saba ilikuwa bado haijafika. Mzee alikuwa ameshapata mbuzi wa akika, na jina lenyewe alikuwa analo moyoni, hakupata kulitamka. Hiyo ndiyo habari yote ya mdogo wangu yule.

Alhamisi iliyofuata Mama alitoka nje kwa mara ya kwanza. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Aliketi kwenye kizingiti na ungo wa mchele mapajani akawa anachagua mawe, na mimi nimekaa chini karibu na miguu yake. Ndege wakaja watano, wakatua kwenye kiwanja kati ya nyumba yetu na ya Jjajja. Kwa mbali kwarara ni ndege wa kijivu tu, kama nguo iliyofuliwa mpaka ikachuja. Siku hiyo mmoja alisogea hadi hatua nne kutoka tulipokaa, nikamwona vizuri. Juu ya ule mdomo wake uliopinda kama mundu kuna mstari mwekundu. Begani manyoya yana rangi ya kijani na zambarau inayotembea kila akigeuka, kama mafuta ya taa juu ya maji. Alikuwa anadunga udongo haraka haraka bila kutazama, kama mtu anayetafuta funguo gizani, kisha akachomoa nyungunyungu, akamtupa juu kidogo, akammeza. Mama naye alikuwa anamtazama. Vidole vyake viliendelea na mchele.

Ndipo mmoja wa wale wa nyuma alipoinua kichwa akapiga ile kelele yao. Wenzake wakamwitikia wote, na kiwanja kizima kikajaa.

Jjajja alitoka mbio. Sijawahi kumwona akikimbia kabla ya siku ile wala baada yake. Alikuwa na ufagio mkononi na leso imemlegea kiunoni, akawaendea wale ndege akipiga ardhi na kuwafokea mpaka wote watano wakaruka, wakapita juu ya paa letu wakilia.

"Anasema nini?" Mama akaniuliza.

"Anafukuza ndege."

"Kufukuza nimeona. Anawaambia nini?"

Nililijua jina hilo tangu nilipoanza kusema. Mpabaana, kama unavyosema kuku au mbuzi. Sikuwahi kufikiri kuwa ndani yake mna kitu. Asubuhi ile lilikatika vipande viwili mdomoni mwangu. Mpa: nipe. Abaana: watoto.

Ningeweza kudanganya. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikudanganya, na nadhani ni kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyopewa, kupeleka maneno kama yalivyo. Nikamwambia: "Ndege anaomba watoto, Mama. Anasema nipe watoto. Jjajja anamwambia hapa hapewi."

Mkono wake ukasimama ndani ya mchele. Mpaka leo nikifumba macho naiona pete ya fedha kwenye kidole, na punje zilizoshika kwenye majimaji ya kiganja. Sijui ilipita muda gani.

"Mwambie Bibi nashukuru," akasema. "Halafu mwambie, kwetu ndege huyu ni kwarara. Hamwombi mtu kitu. Anataja jina lake tu."

Nikapeleka. Jjajja alisikiliza akihema, akauliza kwarara maana yake nini. Nikarudi nalo kwa Mama. Haina maana, akajibu, ni sauti yake. Nikapeleka tena. Jjajja akatikisa kichwa polepole. Jina lazima liwe na neno ndani, akasema, na yeye amezika watatu, kwa hiyo anachokisikia anakisikia. Hilo la watatu nalo nikalifikisha. Mama akasogea kwenye kizingiti, na Jjajja akaketi pale pembeni yake, akavuta ungo upande wake, wakachagua mchele wote wawili. Hawakunihitaji tena.

Kwa miaka mingi baadaye nilikuwa nikisoma juu ya ndege huyo kama mtu anayetafuta ushahidi wa kesi. Na ushahidi mwingi uko upande wa Mama. Waingereza humwita hadada kwa kelele yake. Jina lake la kisayansi, alilopewa na John Latham mwaka 1790, lina neno hagedash, ambalo nalo ni kelele ileile ilivyosikika huko Rasi ya Afrika Kusini. Wazulu husema inkankane, Waxhosa ing'ang'ane. Wote wameandika sauti. Hata yule tunayemwita dudumizi, Waganda wanamwita ttuttuma, na ukisimama karibu na kinamasi alfajiri utaona hakuna aliyekosea. Mimi naamini mpabaana pia ilianza hivyo, sauti kwanza, kisha masikio ya Waganda yakaikata yakapata maneno ndani yake.

Lakini Jjajja naye hakuwa peke yake. Wako ndege wa jamii ya shorobo ambao Waingereza waliwasikia wakiwaambia "go away", ondoka, na jina hilo limo vitabuni mpaka leo. Mwindaji aliyefukuziwa wanyama wake na kelele ile alisikia kufukuzwa. Aliyezika watatu alisikia kuombwa.

Dada yangu alizaliwa 1993. Siku ya saba mbuzi alichinjwa, jina likatamkwa, Jjajja akala pilau kwetu akashiba. Siku chache baadaye nilimkuta Mama kiwanjani na ufagio, kitoto kimefungwa mgongoni, akiwaendea wale ndege. "Pita, kwarara!" alikuwa anasema. "Pita huko!" Jjajja alikuwa mlangoni kwake, anatazama, hakusema kitu. Nami sikuulizwa kutafsiri.

Mama yuko Mombasa sasa. Jana jioni nilimpigia, nikampa shikamoo, nikamweleza kuwa mjukuu wake ameandika kwarara kwenye daftari la shule, Uganda hii hii. Alifurahi sana. Alinifanya nirudie, akaitikia mashallah, akataka kujua kama mwalimu ameweka tiki. Tukiwa katika hayo, wakapita juu ya nyumba wakirudi kulala, watatu au wanne, kwa kelele zao zote, nikajua amewasikia simuni maana alinyamaza katikati ya neno.

"Mtoto yuko wapi?" akauliza.

"Yuko ndani, Mama."

"Umemwona?"

Nikaenda kutazama.