Mali kauli: mzee Allidina na daftari la babu

Duka la babu lilikuwa na kibao ukutani, KUKOPA HARUSI KULIPA MATANGA, na chini ya kibao hichohicho ndipo lilipokaa daftari la madeni, limevimba kwa kushikwa na mikono yenye mafuta ya taa. Yaani kibao kinakataza na daftari linaruhusu. Watoto tunatumwa sukari robo na kiberiti, unaambiwa "mwambie babu aandike", babu anaguna halafu anaandika.

Nimemkumbuka babu juzi nilipokuwa Mombasa, bodaboda akapita shule ya Allidina Visram akaniambia hapa ndo Allidina, nikamuuliza Allidina mwenyewe alikuwa nani, akacheka akasema ni shule bana. Haya, si kosa lake.

Huyo mzee Allidina ni Khoja wa Ismailia, yaani Mhindi Mwislamu mfuasi wa Aga Khan, kazaliwa 1851 huko Kutch, Uhindi, kaja Zanzibar na jahazi 1863, mtoto wa miaka kumi na mbili tu, hana kitu. Akaenda Bagamoyo kufanya kazi kwa Sewa Haji Paroo, yule tajiri wa misafara ambaye jina lake mpaka leo liko kwenye jengo la Muhimbili. Bagamoyo ilikuwa ndo chuo chake, pale unajifunza kitambaa cha amerikani kinapimwaje, shanga gani inakataliwa Unyamwezi, mpagazi anabeba kiasi gani, pembe ya ndovu inakaguliwaje. Sewa Haji alipofariki 1897 Allidina akashika sehemu kubwa ya ile biashara.

Mwaka uliofuata, 1898, akafungua duka Kampala. Hebu fikiria, mwaka huo reli ya kutoka Mombasa bado iko Tsavo watu wanaliwa na simba, Kisumu imefika 1901, yeye ana duka Kampala tayari na bidhaa zinapanda kwa vichwa vya wapagazi! Reli nayo ilivyosogea akawa anaweka maduka njiani, vistesheni ambavyo havikuwa mji, ni hema na mabati. Duka linakuja kwanza mji unafuata nyuma. Baadaye akaingia kwenye pamba na vyombo vya ziwani.

Ila kilichonishika mimi ni mali kauli. Vijana walikuwa wanatoka Uhindi hawana mtaji, anawapa nguo, chumvi, kaniki, nenda kauze porini huko ukipata utaleta, dhamana ni neno tu. Dukawallah wengi wa bara, yaani wale Wahindi wenye maduka madogo, walianzia hapo, na hao ndo waliofanya mtu wa kijijini aweze kununua chumvi bila kutembea siku tatu, ingawa bei zao nazo, mmh, wazee wanazo hadithi. Sisemi alikuwa malaika, alinunua pembe za ndovu maisha yake yote.

1916 alisafiri kikazi Kongo, akapata homa, akafa. Umri miaka 65, bado anasafiri mwenyewe kufuata biashara! Mwanawe Abdulrasul ndiye aliyejenga ile shule ya Mombasa kumkumbuka baba, ikafunguliwa 1923, naye hakuishi sana baada ya baba yake. Biashara yote ile ikayeyuka. Mimi muuza duka mtoto wa muuza duka nahisi najua kwa nini, maana mali kauli inakaa kichwani kwa mwenyewe, nani mkweli, nani anasubiri mavuno, nani ukimdai unapoteza mteja na deni vyote, huwezi kumrithisha mtu hiyo kwa wosia.

Babu alipofariki tulifungua daftari tujue nani anadaiwa. Hamna majina. Kaandika "nyumba ya bati", "kilema wa sokoni", "yule wa jana", na kurasa tatu nzima za "mama". Mama yupi, mtaa mzima ni mama. Bibi akalichukua akalifungia kabatini, na akienda sokoni kuna watu wanavuka barabara.