Deki mpya ina picha kali? Acha kwanza kuangalia rangi

Kuna kitu kinaniudhi kila mtu akinunua deki mpya ya Blu-ray. Anaichomeka, anaweka diski, anaona bahari imewaka bluu na majani ya kijani yanataka kutoka kwenye kioo, basi, tayari kashatoa hukumu, picha ni moto. Aisee hapana. Hiyo rangi ni TV yenyewe, iko kwenye ile seti ya dukani ya kuvutia wateja, deki ya watu haijafanya lolote hapo.

Yani deki inasoma diski, inaifungua video, inaituma kwenye TV kwa waya wa HDMI. Namna ya kuifungua imeshawekwa kwenye viwango, haiachiwi kila kampuni ijiamulie, kwa hiyo deki ya bei chee na ile ya bei mbaya zikicheza diski ileile ya 1080p (HD kamili) bila kuongeza manjonjo, picha zinakaribiana mno. Moja ikionekana kali sana kuliko mwenzake mi huwa naanza kuishuku, maana mara nyingi imeongeza kitu ambacho kwenye diski hakipo.

Zinapoachana kweli ni ukiweka DVD ya zamani. DVD ina pikseli (vile vidoti vinavyounda picha) 720 kwa 576 (au 480, inategemea imetengenezewa wapi) na kioo cha HD kinataka 1920 kwa 1080, hiyo ni kama mara tano au sita, kwa hiyo hizo zingine zote deki inabidi izibuni. Hapo ndo utajua nani fundi. Na HDR pia (video yenye mwanga mkali kuliko ya kawaida), kila deki na TV ina akili yake ya kubana mwanga mkali ukae ndani ya uwezo wa kioo.

Sasa mi nikipima naanza na kuzima. TV naiweka kwenye mode ya sinema, shapnesi (ile ya kukoleza kingo za picha) nashusha chini, kile cha kusafisha chenga nazima kwenye TV NA kwenye deki (watu wanasahau deki nayo ina menyu yake), na kile cha kulainisha mwendo, kinachofanya muvi ionekane kama tamthilia ya mchana, nacho kwaheri.

Halafu natafuta uso wa mtu kwa karibu. Sio mandhari, uso. Muvi iliyopigwa kwa filamu ina vichenga vidogo vidogo vinavyocheza cheza, na wengi wakiviona wanasema diski mbovu, kumbe ndo filamu yenyewe hiyo! Ukivifuta vinaondoka na vinyweleo na matundu ya ngozi, unabaki na uso kama wa mwanasesere. Kisha nashuka begani, pale nguo inapokutana na anga au ukuta mweupe. Ukiona kamstari keupe kamezunguka bega lote ujue hiyo ni shapnesi ya kulazimisha, na ndo hiyohiyo inayofanya mtu aliyekaa mbali aseme duh, hii kali.

Baada ya hapo sehemu za giza, koti jeusi usiku lionekane mikunjo, lisiwe shimo. Anga la jioni likishuka kwa mistari mistari badala ya kufifia taratibu, hilo nalo tatizo, ila mara nyingi ni la diski. Na kamera ikipita polepole mlangoni au kwenye uzio angalia kama inakwama kwama, sababu muvi nyingi ni fremu 24 kwa sekunde, deki ikituma 60 inarudia fremu moja mara mbili inayofuata mara tatu. Kwenye menyu ya deki ruhusu 24, kama TV inakubali.

Oh na umbali. Kioo cha inchi 50 cha 1080, ukikaa zaidi ya mita mbili hivi macho ya kawaida yanaanza kupoteza zile pikseli, sasa mtu yuko mita nne anabishana kuhusu 4K (pikseli mara nne ya hizo), sijui anaona nini.

Ubishi wenyewe wa zamani lakini. 2006 Blu-ray na mpinzani wake HD DVD zilipotoka watu walichapana kweli, na diski nyingi za mwanzo za Blu-ray zilikuwa za GB 25 zikibanwa kwa MPEG-2, njia ya zamani ya kubana video, wakati HD DVD walikuwa na VC-1 iliyo mpya zaidi, basi wengi wakasema Blu-ray picha yake mbovu. Tatizo lilikuwa namna diski zilivyoandaliwa. Februari 2008 Toshiba wakaiacha HD DVD, na Blu-ray iliyosemwa vibaya ndo ikabaki.

Ukiwa na deki mbili za kulinganisha, tumia diski moja na tundu lilelile la HDMI, maana TV nyingi zinaweka seti tofauti kwa kila tundu, unaweza ukasifia deki kumbe unasifia tundu namba 2. Zikitoka sawa chukua ile inayofungua diski haraka na isiyonguruma kwenye sehemu za kimya.