Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi wa Mashine za Boti Zisizochaji

Saa 1 asubuhi nafungua karakana, najaza maji pipa la majaribio na kupima betri zilizolala hapa. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imetulia, husoma kama 12.6. Ikisoma 12.0, karibu imekwisha.

Watu wanadhani kazi yangu ni kubadilisha vipuri. Kazi yangu hasa ni kupima. Mashine nyingi za zamani za boti hazina altaneta ya mkanda kama ya gari. Chini ya flaiwili, lile gurudumu zito linalozungushwa na mashine, kuna koili, yaani stata, na sumaku za flaiwili zikizunguka ndipo umeme wa AC, unaogeuka-geuka mwelekeo, unapopatikana. Rektifaya inaugeuza kuwa DC, wa mwelekeo mmoja, kisha unakwenda kwenye betri. Hitilafu ikitokea popote njiani, lawama zote huangukia betri.

Saa 2 hadi saa 4 nimemaliza mashine mbili. Moja fyuzi imeungua, nyingine vichwa vya betri vilifungwa kwa nati za masikio, ambazo mtikisiko huzilegeza. Nimeweka nati za kawaida, nikakaza kwa spana.

Saa 4 na nusu anaingia mteja na betri mpya. "Fundi, hii nayo imekufa. Badilisha rektifaya nikaondoke." Ameshauriwa na mtu huko nje. Namwomba anipe nafasi nipime kwanza, anavuta pumzi kwa hasira.

Natumbukiza mguu wa mashine kwenye pipa, maana ikiwaka bila maji pampu huharibika upesi. Napandisha mizunguko hadi kama 1,500 kwa dakika, kwa sababu kwenye sailensa, yaani mashine ikiunguruma polepole, chaji huwa ndogo. Betri imeganda 12.3. "Si nimekwambia!" Halafu ananyoosha mkono achomoe waya wa betri mashine ikinguruma, aone kama itaendelea kuwaka. Namdaka mkono. Hiyo ndiyo njia ya haraka ya kuua rektifaya nzima.

Nazima, nachomoa rektifaya, napima daiodi zake, vile vipande vinavyotakiwa kupitisha umeme upande mmoja tu, moja moja. Zote zinapitisha upande mmoja na kuzuia upande wa pili. Waya za njano za stata hazijakatika wala hazivuji kwenye bodi. Kwa hiyo umeme unazalishwa, lakini haufiki. Narudisha kila kitu, nawasha tena, naweka mita kwenye waya mwekundu pale unapotoka kwenye rektifaya: 15.2. Kwenye betri bado 12.3. Karibu volti 3 zinapotelea njiani.

Kuanzia hapo saa siziangalii tena. Nimeinama, mgongo unawaka, nafuata ule waya kwa vidole sentimita kwa sentimita, huku mteja akiongea na simu kwa sauti kwamba fundi anampotezea siku. Karibu na kishikio cha fyuzi gamba limevimba kidogo, ukilitazama tu huoni kitu. Nachana kwa kisu. Ndani shaba imekuwa nyeusi, unga wa kijani unadondoka, nyuzi zinakatika zenyewe. Chumvi imetambaa ndani ya gamba.

Naweka waya mpya uliopakwa bati, na viungio navifunika kwa mpira wa kusinyaa. Nawasha. Betri inapanda hadi 13.9.

"Sasa hujaweka kipuri, unanitoza nini?"

Swali hilo huniuma kuliko mgongo. Namwonyesha rektifaya yake nzima, betri yake nzima, na kipande cha waya ambacho kingeua betri nyingine. Analipa, kwa shingo upande.

Jioni kuna mashine nyingine, tatizo lake la kinyume: betri inachemka. Ni ya zamani, haina regyuleta, yaani kifaa cha kuzuia chaji isizidi, na mwenyewe husafiri mwendo mrefu kwa kasi. Namwambia atumie betri ya kuongezwa maji, si ile iliyofungwa kabisa, akague maji mara kwa mara, na safari ikiwa ndefu awashe taa zimeze umeme wa ziada. Huyu anasikiliza hadi mwisho, kisha ananiomba nimwandikie.