Nilivyoangua mayai ya samaki wa madimbwi ya Ruvu

Mvua za masika zinapokatika, bonde la Mto Ruvu upande wa Mlandizi hubaki na madimbwi kando ya mashamba. Humo huishi samaki ninaowapenda kuliko wote, Nothobranchius melanospilus. Hawazidi urefu wa kidole. Dume ana magamba ya samawati yenye kingo nyekundu. Jike amefifia, ana madoa meusi ubavuni, na melanospilus maana yake ndiyo hiyo, madoa meusi. Dimbwi likikauka, wote hufa. Mayai ndiyo yanayobaki kwenye tope yakingoja mvua.

Nilileta nyumbani dume mmoja na majike wawili. Chini ya tangi niliweka bakuli la vumbi la makumbi ya nazi, nililolichemsha mara tatu hadi likaacha kutoa maji ya rangi ya chai. Chakula chao kilikuwa viluwiluwi vya mbu kutoka kwenye pipa la uani. Dume humbana jike juu ya bakuli, wanatetemeka pamoja, yai moja linazama. Moja tu kila mara.

Baada ya wiki mbili nililikamua lile vumbi likabaki na unyevunyevu, nikalifunga kwenye mfuko wa plastiki. Mfuko wa kwanza niliuharibu kwa haraka yangu: wiki ya tatu nikaumwagia maji, mayai yakaota ukungu. Iliniuma sana.

Wa pili niliuacha miezi mitatu, nikiyakagua mayai kwa kioo cha kukuzia. Mwanzoni yalikuwa maangavu kama shanga. Kisha macho yakaonekana, meusi, yamezungukwa na pete ya dhahabu. Hapo ndipo nilipomimina maji baridi ya mvua, kina cha vidole vitatu. Asubuhi nilikuta vitoto 31, vyembamba kama kope. Vichache vilijikokota chini kwa sababu kifuko cha hewa hakikujaa, navyo havikuishi. Vingine nilivilisha atemia, vijidudu vidogo vya maji ya chumvi jamii ya kamba, walioanguliwa siku hiyohiyo, na mwezi haukuisha kabla madume hayajaanza kuonyesha rangi.

Vumbi lililobaki nusura nilitupe. Nilipolitazama tena niliona mayai maangavu bado, mazima kabisa. Nikaikumbuka vuli yetu: mvua inanyesha siku tatu, dimbwi linajaa, halafu jua linalikausha ndani ya wiki. Mayai yote yakianguliwa kwa mvua ya namna hiyo, ukoo mzima wa dimbwi lile umekwisha. Kwa hiyo mengine husimamisha ukuaji wake na kusubiri, hata yakiwa yametagwa siku moja na yale yaliyoanguliwa.

Nikalikamua tena, nikalifunga. Baada ya wiki sita nikalilowesha, vikatoka vitoto 12. Na mayai bado yamo. Mfuko uko chini ya kitanda, mahali penye giza, nimeuandikia tarehe ya mwezi ujao.