Wajibu Usiotokana na Mkataba

Sheria ya madhara, yaani ile inayomwezesha aliyedhuriwa na mwingine kudai fidia, ni tawi la sheria ya madai, jirani wa sheria ya mikataba, ila wajibu wake hautokani na makubaliano bali huwekwa na sheria yenyewe. Kesi inayonigusa zaidi ni ya Donoghue dhidi ya Stevenson, iliyoamuliwa mwaka 1932 na Bunge la Malodi, ambalo wakati huo lilikuwa pia mahakama ya juu ya rufaa nchini Uingereza. Mama Donoghue alimshtaki Stevenson, mtengenezaji wa soda, akidai kwamba, baada ya kunywa soda ya tangawizi, salio lilipomiminwa kutoka kwenye chupa nyeusi alitokea konokono aliyeoza. Soda ilinunuliwa na rafiki yake, kwa hiyo yeye hakuwa na mkataba wa kudai. Hata hivyo ilitamkwa, na kwa haki kabisa, kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mtumiaji wa mwisho.