Nilivyosoma faili la CSV hadi hesabu ikakubali

Faili lenyewe la CSV, yaani jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu yenye kitenganishi kati ya safu, lilikuwa orodha ya wanachama: namba ya uanachama, jina, simu, msimbo wa nchi, tarehe ya kujiunga, mchango, na safu ya maelezo ambamo kila karani alijiandikia apendavyo. Lilitoka kwenye mfumo wa zamani usio na mtu wa kuuliza, na kazi yangu ilikuwa kulisoma kwa lugha ya programu ya Python, kulikagua, kisha kulihamishia kwenye hifadhidata mpya. Nilitumia pandas, maktaba ya Python ya kushughulikia majedwali iliyoanzishwa na Wes McKinney mwaka 2008, kwa amri ambayo kila anayejifunza huanza nayo: `read_csv` na jina la faili, basi.

Ikagoma papo hapo. `UnicodeDecodeError`, baiti `0x92` haisomeki kwa UTF-8, usimbaji (njia ya kugeuza baiti kuwa herufi) ambao pandas hutumia usipoitajia mwingine. Ukitafuta ujumbe huo mtandaoni utapewa dawa ileile na watu wengi: weka `encoding='latin-1'`. Ni kweli hitilafu huondoka, kwa sababu Latin-1, usimbaji mwingine, ina alama kwa kila baiti kati ya zote 256, hivyo haiwezi kulalamika hata ukiipa faili la picha. Lakini kutolalamika si ushahidi kwamba imesoma sawa. Nililifungua faili kwa hali ya `'rb'` nikatazama baiti zenyewe, na hiyo `0x92` kila mara ilikuwa imekaa baada ya n na g, kwenye maneno kama ng'ambo na ng'oa. Kumbe ni ritifaa iliyopinda, ambayo Windows-1252, usimbaji wa Windows ambao Python huuita cp1252, huiweka kwenye namba hiyo. Katika Latin-1 namba hiyohiyo ni alama ya udhibiti isiyoonekana. Kwenye skrini ungeona "ngambo", ukadhani karani hajui tahajia, na ukitafuta "ng'ambo" usipate kitu. Nikaweka `encoding='cp1252'`.

Hitilafu ya pili ilikuwa `ParserError`: mstari mmoja ulitarajiwa kuwa na sehemu 2, ukakutwa na 4. Hapa napo kuna njia ya mkato, `on_bad_lines='skip'`, iliyokuja na toleo la 1.3 mwaka 2021. Hutupa mistari mibaya kimyakimya, na mimi siipendi kwa faili ambalo bado silijui. Nilichapisha mistari michache ya kwanza kama ilivyo, jibu likawa wazi: kitenganishi ni nukta mkato. Jina la CSV linataja koma, na RFC 4180, waraka wa Oktoba 2005 kuhusu muundo huu, inaeleza koma, ila kompyuta iliyopangwa kutumia koma kama alama ya desimali huhifadhi mafaili haya kwa nukta mkato. Hizo koma za michango ndizo zilizokuwa zikikata mistari ovyo. `sep=';'`, na faili likasomeka lote bila kelele.

Hapo sasa ndipo wasiwasi wangu ulipoanza.

Nikachapisha jedwali, nikaona nusu. Safu za katikati zilikuwa zimegeuka nukta tatu, maelezo yamekatwa, na kati ya maelfu ya rekodi zimebaki kumi, tano za juu na tano za chini. Mwenzangu aliyekuwa akitazama skrini akasema, "Data zimepotea hizo." Hazikuwa zimepotea. Pandas ina mipaka yake ya kuonyesha: jedwali likizidi mistari 60 linafupishwa, na maandishi ya kisanduku hukatwa karibu na herufi ya 50. Kilichopo kwenye kumbukumbu hakiguswi, na ule mstari wa chini kabisa unaotaja idadi ya mistari na safu husema kweli daima. Nikaondoa mipaka miwili kwa `pd.set_option('display.max_columns', None)` na `pd.set_option('display.max_colwidth', None)`. Ule wa mistari niliuacha. Kumwaga maelfu ya mistari kwenye terminali hakumsaidii mtu. Bora `sample`, inayookota rekodi huku na kule.

Hata hivyo jedwali lililopangwa vizuri huficha mambo. Mpangilio huongeza nafasi ili safu zilingane, kwa hiyo nafasi iliyomo ndani ya data huwezi kuiona. Ndiyo maana `df['mchango']` ilinirudishia `KeyError`, hitilafu ya jina lisilopatikana, huku safu ya mchango naiona kwa macho. Nilipoandika `df.columns.tolist()`, alama za nukuu zilinionyesha: jina lilikuwa `'mchango '`, lenye nafasi mwishoni. Tangu hapo safu yoyote ninayoitilia shaka naigeuza kuwa orodha kwanza.

Kisha idadi. Nililinganisha mistari ya faili na rekodi zilizosomwa, na rekodi zikawa pungufu. Hilo peke yake si kosa, kwani kisanduku kilichofungwa kwa alama za nukuu kinaruhusiwa kubeba mistari kadhaa ndani yake. Ilibidi nijue ni kipi kati ya viwili. Nikapima urefu wa maelezo kwa `str.len` na kupanga kuanzia mrefu zaidi, na wa kwanza ulikuwa mrefu kupita kiasi: ndani yake mlikuwa na majina, simu na tarehe za watu wengine. Karani alianza maelezo kwa alama ya nukuu na hakuifunga. Pandas ikaendelea kumeza rekodi zilizofuata hadi ilipokutana na alama nyingine mbali huko chini, na wala haikutoa onyo, maana kwa kanuni zake ilikuwa sahihi.

Kabla ya kuzima alama za nukuu nilihesabu nukta mkato kwenye kila mstari wa faili. Zote zililingana, kwa hiyo mfumo ule wa zamani haukuwa ukizitumia nukuu kwa maana yoyote, na `quoting=3`, inayoiambia pandas ichukulie nukuu kama herufi ya kawaida, ilikuwa salama. Upotevu wa kimya wa namna hii hauhitaji uzembe mkubwa. Mwaka 2020 Uingereza karibu matokeo 16,000 ya vipimo vya COVID-19 yaliachwa nje ya takwimu kwa sababu yalipitishwa kwenye faili la XLS, muundo wa zamani usiopokea zaidi ya mistari 65,536.

Aina za data zilinichukulia muda kuliko yote. Pandas hukisia, na hukisia kwa nia njema. Namba ya uanachama `00417` ikawa 417. Safu ya simu ilikuwa na visanduku vitupu, na kwa kuwa kitupu husomwa kama `NaN`, alama ya pandas ya thamani isiyokuwepo, ambayo huhesabiwa kuwa desimali, simu zote zikapata `.0` mkiani. Wanachama wa Namibia walionekana hawana nchi kabisa: msimbo wa nchi hiyo ni NA, na pandas huchukulia NA kuwa "hakuna kitu". Badala ya kuziba tundu moja moja nilizima ukisiaji wote:

`df = pd.read_csv('wanachama.csv', sep=';', encoding='cp1252', quoting=3, dtype=str, keep_default_na=False)`

Kila kitu kikaingia kama maandishi, nikabadilisha safu moja baada ya nyingine kwa mkono wangu. Michango: koma ikawa nukta, kisha `pd.to_numeric`. Simu na namba ya uanachama zikabaki maandishi, kwani hakuna anayejumlisha simu. Tarehe zilihitaji ushahidi, maana 03/04 inaweza kuwa Aprili au Machi. Nikakuta sehemu ya kwanza ikifika 31 na ya katikati haizidi 12 popote, nikaandika `format='%d/%m/%Y'` waziwazi pamoja na `errors='coerce'`, inayogeuza tarehe isiyosomeka kuwa tupu, kisha nikazitazama zilizokataa.

Zilikuwa chache. Nyingi ni visanduku vitupu, na moja ilikuwa ya rekodi ya mwisho, ambayo mahali pa jina paliandikwa JUMLA. Mfumo wa zamani ulikuwa umejumlisha michango na kuuweka mstari huo kana kwamba ni mwanachama. Nilifurahi kuliko nilivyotarajia, kwa sababu sasa nilikuwa na hesabu iliyofanywa na mtu mwingine kabla pandas haijaligusa faili. Nikautenga mstari ule, nikajumlisha waliobaki: namba zililingana hadi desimali ya mwisho. Kisha nikarudia kwa makusudi bila `quoting=3`, na jumla ikapungua kwa kiasi kilekile cha wale waliomezwa na ile nukuu.

Orodha iliingia kwenye hifadhidata mpya bila JUMLA, na ukaguzi huo wa jumla nimeuacha ndani ya programu: isipolingana, hakuna kinachoandikwa.